Bagshi hakuokolewa na orodha

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya ukurasa wa utamaduni kuhusu mabagshi, yaani waimbaji wa kisimulizi wa Turkmenistan, na kabla sijalalamika nawapa haki yenu: ni nadra gazeti la Kiswahili kufika ng'ambo ya Bahari ya Kaspi kutafuta habari isiyo ya gesi. Hapo mmefanya vyema. Lakini mwandishi wenu ameandika mambo matatu ambayo siwezi kuyaacha yapite. Amesema simulizi la Görogly, shujaa wa Waturkmeni, "liliokolewa" mwaka 2015 na UNESCO. Amesema waimbaji wake "hukariri". Na chini ya picha kaandika "gitaa ya nyuzi mbili".

Nianze na gitaa, kwa kuwa ndilo dogo. Chombo kile ni dutari. Umbo lake ni kama upawa: tumbo dogo la mviringo lililochongwa kwa mforsadi, na shingo ndefu nyembamba ya mti wa aprikoti. Nyuzi ni mbili tu. Siku hizi ni za waya, zamani zilikuwa za hariri, na hariri hutoka kwa kiwavi anayekula majani ya mforsadi. Kwa hiyo mti mmoja ulitoa tumbo la chombo na ukamlisha mdudu aliyetoa nyuzi zake. Mpigaji hatumii risha. Ni vidole na kucha, na mkono wa kulia ukichangamka huwezi kuvihesabu vidole vyenyewe. Kando yake mara nyingi huketi mwenye gijaki, fidla inayosimamishwa wima ikapigwa kwa uta. Wachungaji wana filimbi yao ndefu ya tete. Wanawake wana gopuz, kidude cha chuma kinachowekwa mdomoni na kudonolewa kwa kidole, na anayekidharau hajakisikia usiku.

Wenyewe husema aliyeibuni dutari ni Baba Gambar, mtunza Duldul, mnyama aliyepandwa na Sayyidna Ali. Wasomaji wa pwani wanaomjua Duldul watafurahi kusikia kwamba, katika kisa cha Waturkmeni, Duldul alianza kukonda na watu wakashangaa ana maradhi gani. Hakuwa na maradhi. Gambar alikuwa akimpigia dutari, na mnyama akiisikia huacha kula.

Mtauliza mzee wa Lamu ameyajulia wapi haya. Nilikuwa mtumishi wa misitu, na kazi yangu ilikuwa mchanga. Anayeishi hapa anajua kwamba vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu, na mchanga usiposhikwa na majani hutembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa na mpango pamoja na Wasovieti wa kuwapeleka watumishi wa nchi zetu Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wasovieti, kwenye Taasisi ya Majangwa, wakasome jinsi ya kutuliza mchanga. Nikawa miongoni mwao. Tulifundishwa kupanda saksauli, mti wenye kivuli cha kudanganyia lakini wenye mizizi inayoishika Karakum. Karakum ni jangwa linalomeza sehemu kubwa ya nchi ile. Watu wanaishi kandokando yake: chini ya milima ya Kopet Dag, kwenye mito, na kwenye ule mfereji mkubwa ulioanza kuchimbwa mwaka 1954 kuyavuta maji ya mto Amu Darya. Saksauli kwetu haikufaa, lakini hiyo ni barua nyingine.

Siku moja tulipelekwa kutazama mifereji ya shamba la pamba la ushirika, kolhozi kama walivyokuwa wakiita, na kijijini palikuwa na arusi. Waturkmeni hawamwachi mgeni nje ya arusi. Tukaketishwa juu ya mazulia mekundu, chai ya kijani ikaletwa katika bakuli ndogo zisizo na mikono, na mbele yetu akaketi mtu wa makamo mwenye kofia kubwa ya manyoya ya kondoo, dutari mapajani. Mimi mtoto wa taarabu nilijiandaa kwa muziki wa kuchezwa. Hakuna aliyecheza. Hakuna hata aliyetikisa bega. Watu walikaa kama waliokuja kusikiliza kesi.

Sauti ilianza chini, karibu na mazungumzo, kisha ubeti hata ubeti ikapanda, na vidole vikapanda nayo shingoni mwa dutari, hadi ikafika mahali ambapo koo langu lingepasuka. Katikati ya mstari hufunga mdomo akaivumisha sauti kifuani, au huikatakata kooni kwa vishindo vya haraka ambavyo mwalimu yeyote wa kwaya angevikemea. Wazee wakamwitikia kwa kelele za kumtia moyo. Akiitikiwa vizuri, hurefusha. Akiona wamenyamaza kwa kuchoka, hukata na kuruka mbele. Mkalimani wetu, kijana wa mjini, mwanzoni alikuwa akitafsiri kwa uvivu, baadaye akasahau kutafsiri kabisa na ikabidi tumvute shati.

Hapo ndipo penye lile la "kukariri". Mabagshi wako wa namna mbili. Kuna waimbao mashairi peke yake, hasa ya Magtymguly, mshairi wa karne ya 18 aliyekuwa pia mfua fedha, na ambaye beti zake nilizisikia hata kwa dereva wetu wa lori. Na kuna wasimulizi wa destani, yaani kisa kizima cha mashujaa au wapenzi. Kwa hao, watu wa Dashoguz huko kaskazini ndio wanaosifiwa kupita wote. Destani huenda kwa miguu miwili. Kisa husemwa kwa maneno ya kawaida, tena kwa kasi, na penye uchungu au fahari, mtu anapoaga, anapomsihi adui, anapomsifu farasi wake, msimulizi huingia katika beti na dutari. Beti huzishika karibu na vile alivyozipokea kwa ustadhi. Yale maneno ya kati ni yake na ya usiku ule. Anaijua njia, anavijua vituo, lakini namna ya kuvifikia anaisoma katika nyuso za waliomkabili. Kitabu hakisomi uso wa mtu. Ndiyo maana tawi moja la Görogly, yaani kisa kimoja cha simulizi lake, linaweza kuchukua saa mbili kijiji hiki na kukesha kijiji cha pili, na wote wakaapa wamesikia kitu kilekile.

Na ustadhi hapatikani kwa kujiandikisha. Mwanagenzi huenda akaishi karibu naye, akambebea dutari, akamfuata arusi baada ya arusi, akaketi nyuma yake na kunyamaza. Miaka hupita. Ruhusa ya kuimba peke yake huja kama dua: ustadhi huinua mikono, akamwombea mbele ya watu. Asiyeombewa anaweza kuwa na sauti ya kutoa machozi, ila wazee wakiulizwa watasema huyo anaimba vizuri, basi. Neno bagshi hawalitamki.

Mwandishi wenu amemwita Görogly "Robin Hood wa Asia ya Kati". Nadhani alisoma muhtasari. Ni kweli ana ngome yake ya Çandybil, ana vijana wake arobaini, ana farasi Gyrat anayependwa kuliko ndugu. Amezaliwa kaburini, mamake akiwa ameshazikwa, akanyonyeshwa na mbuzi aliyekuwa akijitenga na kundi. Babu yake alitobolewa macho na mtawala kwa ugomvi wa mtoto wa farasi. Kwa shujaa, ni mwanzo wa kutosha. Lakini tawi nililolisikia usiku ule ni lile la Harman Däli, na Robin Hood hana kitu kama hicho.

Harman Däli ni mwanamke, naye ametangaza kwamba ataolewa na mwanamume atakayemshinda kwa mambo mawili: kuimba na mieleka. Atakayeshindwa atakatwa kichwa. Vichwa vimeshakatwa. Görogly, jemadari, mtu ambaye khan na sultani wanamwota usiku, anasikia habari hizo na anajipeleka. Anashindwa. Anashindwa kuimba, na anabwagwa chini. Akiisha kuponea chupuchupu, haendi kukusanya wale vijana arobaini arudi na panga. Anakwenda kwa Aşyk Aýdyn, pir wa waimbaji, yaani walii wao mlezi, anaomba afundishwe. Mtu aliyezoea kuamuru anakaa mwisho wa safu pamoja na vijana wadogo wanaojifunza kushika dutari. Na hata hapo, katika kisa nilichokisikia, anayekuja kumshinda Harman Däli ni mwingine: Kerem, mwanafunzi wa yule pir. Görogly anatazama.

Sasa mtazameni aliyekuwa akisimulia, na kwa nani. Waliokizunguka kile kisa walikuwa wanaume watupu, wavuna pamba na madereva wa trekta, wenye kofia za manyoya na ndevu. Shujaa wa taifa lao alipobwagwa na mwanamke, walicheka hadi chai ikamwagika, wakadai bagshi arudie pale pale pa mieleka. Akarudia, na safari hii akaongeza maneno. Mkalimani, nilipomkumbusha kazi yake, alisema tu, "Amemwongezea vumbi mdomoni." Nani amekariri hapo?

Huyo Aşyk Aýdyn anapewa kaburi huko Dashoguz, na wanaotaka kuwa mabagshi huenda kumzuru. Nalitaja kwa sababu makala yenu imewaeleza waimbaji hawa kama "watumbuizaji wa kienyeji". Mtumbuizaji hana pir. Kuna kisa chao kingine, cha Shükür bagşy (ndivyo wenyewe wanavyoliandika neno bagshi), ambaye nduguye alitekwa na khan wa Uajemi. Jamaa wakataka kwenda na silaha. Yeye akaenda na dutari peke yake, akashindanishwa na mwanamuziki wa khan, akamshinda, akarudi nyumbani na nduguye. Kwa sisi tuliolelewa na Fumo Liyongo, aliyeimba gerezani ili kijakazi Saada ampelekee mamake ujumbe wa kuficha tupa ndani ya mkate, wazo la wimbo kufungua mlango wa gereza halihitaji kuelezwa sana.

Tuje kwenye kuokolewa, ambako ndiko hasa kulikonishikisha kalamu.

Jambo la kwanza ni la karatasi, na mwandishi wenu angeweza kulihakiki. UNESCO ina orodha zaidi ya moja. Iko ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na iko ya urithi wa kuwakilisha, yaani wa kuonyesha binadamu ana nini. Görogly iliandikwa kwenye hiyo ya pili. Aliyewekwa huko hakuwekwa kwa sababu anakata roho.

Jambo la pili ni historia. Kila serikali iliyopita pale imewahi kuja na mpango wake wa kuitunza destani. Miaka ya 1920 Viktor Uspensky alizunguka nchi nzima akiandika tuni za dutari kwa noti, na mwaka 1928 kitabu chake na Viktor Belyaev kikatoka. Kazi njema, siibezi. Miaka ya 1930 simulizi la Görogly likaandikwa kutoka kinywani mwa Pelwan bagşy, na hadi leo watu wanalisoma. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1951 na 1952 wakubwa wa chama wakaamua kwamba destani za mataifa ya Kituruki zina sumu ya ukabaila na dini. Kisa cha Gorkut Ata, destani nyingine ya kale, kikapigwa marufuku Turkmenistan, na wasomi waliokishughulikia wakaona jela. Yaani mikono ileile iliyochapisha ndiyo iliyokuja kuchana. Katikati ya hayo yote watu waliendelea kuoana. Arusi haisubiri azimio la kamati kuu, na arusi isiyo na bagshi ilikuwa aibu kwa baba wa bwana arusi.

Baada ya uhuru wa 1991 mambo hayakuwa tofauti sana, ila sababu ziligeuzwa. Rais Niyazov alifunga opera na baleti mwaka 2001 kwa kuwa eti si za Kiturkmeni, na mwaka 2005 akakataza muziki wa kurekodiwa, hata arusini, ili waimbaji waimbe kwa sauti zao. Najua wapo wasomaji watakaosema huyo rais alikuwa na akili. Mimi nina mashaka. Ukimnyang'anya kijana kaseti hujampa hamu ya kukesha na Harman Däli. Umempa tu sababu ya kuificha kaseti. Aliyewatia wale wavuna pamba hamu hakuwa na amri yoyote mfukoni. Alikuwa na nyuzi mbili, na alijua lini kuongeza vumbi.

Msidhani nina ugomvi na UNESCO. Mji wetu wa Lamu uliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mimi naishi humo. Nyumba zimepata heshima, wageni wanapiga picha milango. Vizuri. Lakini sijaona kibao cha ukutani kikimfundisha mtoto kughani utenzi. Aliyefundisha ni bibi, au mwalimu wa chuoni, au kwa bahati mtu kama Muhamadi Kijumwa, aliyechonga milango, akatengeneza na kupiga kibangala, tena akaandika utenzi wa Liyongo kwa mkono wake mwaka 1913. Wao waliposita, orodha haikushika zamu. Naandika hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu arusi zetu za siku hizi nazijua: spika mbili ndefu, kijana mwenye kompyuta, na hakuna anayeweza kumwambia rudia pale, ongeza vumbi.

Hao Waturkmeni nao hawako nchini mwao tu. Wapo wengi kaskazini mwa Iran, upande wa Golestan, aliko kaburi la Magtymguly, na wapo Afghanistan. Mabagshi wa huko hawajui habari za kolhozi wala za Niyazov, na Görogly wanaye. Kama serikali moja au orodha moja ndiyo iliyomwokoa, hao aliwaokoa nani?

Mkitaka jambo la UNESCO la kusifu, lisifuni lile la mwaka 2021, lilipoandikwa fundi wa dutari pamoja na mwimbaji wake kwa pamoja. Hapo waliona vizuri. Ukimtaja anayeimba ukamsahau anayekausha mforsadi, umetaja nusu.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Maelezo ya picha yarekebishwe; dutari si neno gumu. Neno "liliokolewa" liondolewe, mahali pake muandike "liliandikwa". Na mwandishi wenu, ambaye kalamu yake ni nzuri na simjui, akirudi kwenye mada hii atafute mtu aliyewahi kukesha, amuulize watu walicheka wapi.

Najua barua imekuwa ndefu na ukurasa wenu ni mdogo. Mkilazimika kupunguza, ondoeni habari zangu za mchanga, na za Lamu pia mkitaka. Harman Däli msimguse.

Mtumishi mstaafu wa misitu,
Langoni, Lamu